Mwizi Niliyemtafuta Mpaka Nambilanje

Jumapili, katikati ya Juni.

Kuna baridi leo hapa Nachingwea, ile ya Juni inayofanya watu washike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimevaa sweta la mume wangu. Mikono yake imenifunika mpaka vidole, kwa hiyo nabonyeza herufi kwa kukosea kosea, na sitaki kulivua.

Mume wangu. Bado nikiandika neno hili natabasamu peke yangu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani akaangalia huku na huku asimwone mwenyewe. Tuna miezi mitatu na siku tisa. Dada yangu anasema yeye aliacha kuhesabu wiki ya pili. Mimi bado nahesabu.

Mnaonisoma mmezoea niwaandikie raha tu, na mmoja wenu aliniuliza kama kwenye ndoa yangu chumvi haizidi hata siku moja. Inazidi. Wiki hii imezidi, na aliyeitia ni mimi. Nimemtukana mume wangu siku mbili bila kujua, kisha nikapanda gari kwenda kumtukana mbele ya mama yake mzazi. Nimemuuliza kama naweza kuandika habari hii hapa. Kasema niandike, ila kuna neno moja lisiwemo. Halitakuwemo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mume wangu anaitwa Athumani, na ni mchongaji wa vinyago vya mpingo. Ni Mmwera wa Nambilanje, kule wilaya ya Ruangwa. Aliishia darasa la saba. Uchongaji alifundishwa na mjomba wake, ambaye naye aliufuata kwa Wamakonde enzi za ujana wake. Mimi ni binti wa mwalimu. Baba ni Mrangi wa Kondoa, alipangiwa kufundisha Nachingwea kabla sijazaliwa, akanogewa. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, nikadhani mambo ya hapa nayajua yote.

Sasa Jumatano walikuja mjini watu wa kusajili kazi za sanaa. Wachoraji, wafinyanzi na wachongaji waliitwa wafike ukumbini na kazi zao. Kazi inapimwa urefu na uzito, inapigwa picha pande zote mpaka chini, kisha inabandikwa kibandiko kidogo chenye namba. Siku aliyeinunua akiiuza kwa mwingine, namba ile inaingizwa kwenye simu na sehemu kidogo ya bei inarudi kwa aliyeitengeneza. Wanauita mrabaha wa kuuzwa tena. Mrabaha tuliusikia kwa wanamuziki. Kwa mchongaji lilikuwa jambo geni.

Ofisa aliyetuhudumia ni dada mmoja mwenye sauti ya taratibu na Kiswahili cha Dar es Salaam. Hapa nitamwita Dada Neema. Athumani alimuuliza, "Hata kama anayekiuza hanijui?"

"Hata kama hakujui, kaka."

"Basi mti utanikumbuka kuliko watu."

Nimeolewa na mtu anayesema maneno kama haya akiwa kwenye foleni, ameshika mfuko wa salfeti. Nisihesabu siku vipi?

Fomu nilijaza mimi kwa sababu ya mwandiko. Tukaanza na kinyago cha mzee anayejikuna mgongo. Nikasoma, "Jina la kazi?"

"Uchongaji," akajibu.

Dada Neema akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, kazi hii uliyoishika. Inaitwaje?"

Athumani akamgeuza yule mzee, akamtazama kama anatafuta kitambulisho. "Haiitwi. Ni kinyago."

Basi majina nikatoa mimi. Mzee nikamwita "Pale Pale, Kushoto Kidogo". Wasichana wawili wanaonong'onezana nikawaita "Usimwambie Mtu". Vilikuwa vinyago sita, na kila nilipotaja jina Athumani alikitazama kinyago, akanitazama mimi, kama ndiyo kwanza anatambulishwa.

Chini ya fomu kulikuwa na mstari unaouliza majina mengine ambayo msanii amewahi kutumia.

"Hakuna," alisema, kabla sijamaliza kusoma.

Nikaandika Hakuna. Nilikuwa na furaha nyingi, sikuona kitu.

Tulipomaliza, Dada Neema akatoa simu kubwa akawaita wachongaji wote wasogee. Alikuwa na picha za kazi zilizosajiliwa na watu wanaozimiliki, lakini waliozitengeneza hawajulikani. Zinauzwa, sehemu ya msanii inawekwa kando, na hakuna wa kumpa. Hizi alizokuja nazo zilisemekana zilitoka Ruangwa na Nachingwea. Mwisho wa mwezi huu daftari linafungwa. Kazi ambayo mwenyewe hatajitokeza itaandikwa "Msanii hajulikani" na itabaki hivyo moja kwa moja.

Picha ya tatu ilikuwa mama anayetwanga. Kinyago kidogo, urefu wa kiganja. Mgongo umepinda kidogo, mchi uko juu, kisigino kimoja kimeinuka. Kimeshapita mikono ya watu kadhaa huko Dar es Salaam. Chini yake kuna herufi zilizokatwa kwa kisu, mwandiko wa mtu anayejifunza, na herufi moja imegeukia nyuma. Herufi zinafanya jina la mtu. Si jina la mume wangu. Hapa nitamwita mwenye jina hilo Fulani.

Athumani aliishika ile simu muda mrefu kuliko wenzake. Kisha akairudisha. "Hicho sikijui," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaona masikio.

Niwaeleze. Watu wote anaowachonga mume wangu wana masikio yaliyorudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma naye hajageuka bado. Nimekaa kwenye ile karakana ya nyuma ya nyumba jioni nyingi, nimepokea vipande, nimesugua kwa msasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Masikio yale nayajua kuliko yangu. Yule mama anayetwanga alikuwa na masikio ya Athumani.

Kwa hiyo akili yangu ikafanya hesabu ya haraka. Kinyago ni cha mume wangu, jina ni la mtu mwingine, mume wangu kanyamaza. Basi Fulani ni mwizi. Amechukua kazi ya watu akaandika jina lake chini, na Athumani, kwa upole wake, hataki ugomvi. Nikasema moyoni kwamba kama yeye hagombani, ameoa wa kumgombania. Nikamwomba Dada Neema anitumie ile picha.

Jioni nilipika ugali na kunde. Nikampakulia mume wangu nikaanza.

"Huyu Fulani, popote alipo, tonge limkwame."

Athumani akakohoa. Nikampa maji.

"Watu kama Fulani ndio wanaoharibu mji. Hana hata mama wa kumfundisha adabu?"

"Mama anaye," akasema.

"Kumbe unamjua?"

"Namjua kidogo."

"Ni mtu wa namna gani?"

Akafikiri. "Alikuwa mtoto wa kawaida. Hakuwa mwizi."

"Na bado unamtetea."

"Ninakula, mke wangu."

Sahani ikaisha. Akaosha mikono, akanishukuru kwa chakula kama anavyonishukuru siku zote, akatoka kwenda kufunika magogo yake. Mimi nikabaki naosha vyombo na kumlaani Fulani kwa jina lake kamili, kwa sauti. Alhamisi nikaendelea. Nilimlaani nikifagia, nikamlaani nikianika nguo. Kila mara jina lile lilipotoka mdomoni mwangu Athumani alikuwa karibu, na hakuna mara hata moja aliyoniambia nyamaza.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kumpelekea mama mkwe sukari na sabuni. Nikapanda gari asubuhi mpaka Ruangwa, kutoka pale nikachukua bodaboda hadi Nambilanje. Athumani alidhani naenda kusalimia tu. Kwenye mkoba nilikuwa na simu yenye picha ya kinyago, na kichwani nilikuwa na swali moja.

Niliwakuta uani wanapeta ufuta, maana sasa ndiyo msimu. Alikuwepo mama mkwe, alikuwepo Shangazi Somoe, dada wa marehemu baba mkwe, na majirani wawili. Nikapiga magoti nikasalimia. Wakanipa kigoda na ungo, tukapeta pamoja, wakaniuliza kama mtoto wao anakula vizuri, wakatazama tumbo langu kwa pembe ya jicho kama wanavyotazama kila nikienda. Nikaona hali ni nzuri. Nikauliza.

"Mama, eti Fulani ni nani?"

Nililitaja jina lenyewe. Kwa sauti. Nina sauti ya darasani, ya baba yangu.

Nyungo zao zote nne zilisimama. Mama mkwe akavuta kanga yake akajifunika uso. Jirani mmoja akaangalia chini. Shangazi Somoe ndiye aliyenigeukia.

"Nani kakufundisha kumtukana mumeo?"

"Shangazi, sijamtukana mtu. Natafuta mwizi."

"Mwizi?"

"Fulani. Kamwibia Athumani kinyago."

"Usilirudie," akasema Shangazi, na mkono wake ukawa tayari uko kwenye mdomo wangu, una vumbi la ufuta. Akanitazama karibu karibu. Nadhani alikuwa anatafuta kama nina kiburi. Hakukiona, akaondoa mkono. "Mwizi unayemtafuta, mwanangu, unalala naye kitanda kimoja."

Jirani aliyekuwa ameangalia chini akaanza kutikisika mabega. Kisha wote wakacheka, mpaka mama mkwe ndani ya kanga yake. Wote isipokuwa mimi.

Nilijua wavulana wa huku wanakwenda jando. Ngoma zake nimezisikia tangu utoto. Ambacho baba yangu Mrangi hakunifundisha, kwa sababu yeye mwenyewe aliingia jando na jina lake akatoka nalo, ni kwamba huku mvulana anatoka na jina jipya. La zamani linabaki kule kule, pamoja na kibanda cha jandoni kinachochomwa moto wavulana wakitoka. Aliyekuwa analijua analisahau kwa makusudi. Kumwita mwanaume kwa jina hilo ni kumwambia kwamba bado ni mtoto, hajawa mtu. Watu wamepigana kwa hilo. Ndoa zimeingia nyufa kwa hilo.

Na mimi nilimtakia mwenye jina hilo tonge limkwame, mume wangu akiwa na tonge mdomoni.

Sijui niwaelezeje aibu ile. Nikawapigia magoti tena wote, hata majirani.

"Faini ni kuku," akasema Shangazi Somoe. "Na awe wa kienyeji. Usituletee wale wa mjini wasiojua kukimbia."

"Nitaleta, shangazi."

"Mtetea."

"Nitaleta mtetea."

Basi ikaisha. Wakarudi kwenye nyungo, lakini mama mkwe alikuwa ameshusha kanga na anautazama mkoba wangu. "Umesema kinyago," akasema. "Kinyago gani?"

Nikamwonyesha ile picha.

Mama mkwe haoni vizuri vitu vya karibu. Aliishika simu mbali, kwa urefu wa mkono. Akapitisha kidole kwenye mgongo wa yule mama, picha ikahama. Nikairudisha. Akapitisha tena.

"Kisigino," akasema. "Nilikuwa na mwiba. Nilitwanga msimu mzima nimeinua kisigino."

Hapo ndipo aliponisimulia. Athumani, ambaye wakati huo hakuwa Athumani, alikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Mjomba wake alitupa kipande cha mpingo chenye ufa, mtoto akakiokota. Hakuwa na patasi, alikuwa na kisu kilichovunjika ncha. Alikaa pale uani siku nyingi akimtazama mama yake akitwanga, naye mama akadhani mtoto anakwepa kwenda kuchota maji, akamgombeza kila siku. Alipokimaliza alikata jina lake chini, kwa sababu shuleni walikuwa wamefundishwa kuandika majina kwenye madaftari. Mwaka ule ule mjomba akaja kumchukua kwenda jando. Akakiweka kile kinyago kwenye mfuko pamoja na vyake, akauza vyote kwa mfanyabiashara aliyekuwa anapita, na kilichopatikana ndicho kilichomnunulia mtoto shuka jipya na kandambili za kutokea jando.

Nikakaa na jambo hilo. Kile kinyago ndicho kilicholipia kuzikwa kwa jina lililoandikwa chini yake.

"Sikuwahi kukishika," akasema mama mkwe. "Nilikiona kikiondoka mfukoni."

Nikawaeleza habari ya daftari linalofungwa mwisho wa mwezi, na kwamba bila kusema jina lile ni la nani, kinyago kitaandikwa hakijulikani kimetoka mikono ya nani. Mama mkwe akasema labda likiandikwa tu si vibaya, kilichokatazwa ni mdomo. Shangazi Somoe akakataa kabisa.

"Karatasi nayo ina mdomo. Akiisoma mtu, imetamka."

Wakabishana Kimwera kwa muda, nikaambulia maneno machache. Mwishowe mama mkwe akanirudishia simu. "Jina lilikuwa lake, na aibu itakuwa yake. Sisi wanawake wa humu uani hatuna la kumwamulia. Hata wewe."

Hata mimi.

Sasa ungamo la pili, ambalo nimemwambia Athumani peke yake na leo nawaambia ninyi. Nikiwa Ruangwa nasubiri gari la kurudi, nilimwandikia Dada Neema ujumbe. Niliandika kila kitu: kwamba Fulani na Athumani ni mtu mmoja, mama yake anathibitisha, na mimi ni mke wake halali. Ujumbe ulikuwa mzuri, umenyooka, una nukta mahali pake. Namba ninayo, picha ninayo, elimu ya kidato cha nne ninayo. Kilibaki kidole. Nilijiambia namfanyia wema. Nilijiambia akishaona jina lake limekaa kwenye daftari la nchi atanishukuru.

Kisha nikawaza, nitakuwa nimemfanya nini mwanaume aliyekaa siku mbili anasikiliza anatukanwa, asinivunje moyo?

Nikafuta. Gari lilipofika nilikuwa bado nafuta, herufi moja moja, kana kwamba nisipozifuta kwa mkono zitarudi zenyewe.

Nilimkuta Athumani karakanani amekaa chini, kipande katikati ya miguu. Nikakaa kwenye vumbi mbele yake na nguo yangu ya safari. Nikamwambia yote, kuanzia swali la uani mpaka kuku.

"Mtetea?" akauliza.

"Mtetea."

"Shangazi kakuonea. Jogoo angetosha."

Nikalia. Akaweka patasi chini, akanifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mpingo, akanipaka weusi zaidi.

"Kwa nini hukuninyamazisha?"

Alichukua muda kujibu. Mume wangu akijibu upesi ujue anakwepa, kama siku ile ya fomu. Akichukua muda, kaa usikilize. "Ulikuwa unanitetea," akasema. "Nimeshatukanwa, na nimeshatetewa. Vyote kwa pamoja, kutoka mdomo mmoja, ilikuwa mara ya kwanza. Nikataka kusikia unafika wapi."

Wasomaji wangu, hebu niambieni mtu kama huyu mtampata wapi.

Akaniambia pia kwa nini alisema hakijui. Pale ukumbini walikuwepo wawili aliotoka nao jando, na vijana waliomfuata baadaye. Wote wameshasoma lile jina kwenye picha. Angesema ni lake, kila kinyago kile kitakapouzwa mtu angelisoma jina lile na kusema huyu ndiye Athumani. Angekuwa anageuzwa mtoto kila kikibadilisha mikono, mbele ya watu asiowajua, mpaka siku ya kufa.

"Basi tukiache," nikasema. Na nilimaanisha. Iliniuma, lakini nilimaanisha.

Akaokota patasi yake.

Jana Jumamosi alichonga tangu asubuhi. Nilimpelekea chai, akainywa ikiwa imepoa. Mchana akaniita. Alikuwa amekaa na ile karatasi ya maelezo tuliyopewa ukumbini, ameigeuza upande huu na huu.

"Mchongaji akifa, mrabaha unakwenda kwa nani?"

"Kwa warithi wake. Imeandikwa hapo, mstari wa pili kutoka mwisho."

"Yule mtoto alikufa," akasema. "Walimzika jandoni. Hakuoa wala hakuzaa. Mrithi wake ni mama."

Nikachukua simu nikampigia Dada Neema, nikaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Athumani akaeleza kwamba kile kinyago cha mama anayetwanga anamjua mchongaji wake, na kwamba mchongaji huyo ameshafariki, ameacha mama.

"Oo, poleni sana," akasema Dada Neema. "Alifariki lini?"

"Siku ya jando."

Nikasikia kalamu inawekwa mezani.

"Kaka Athumani," akasema, na kile Kiswahili cha Dar es Salaam kilikuwa kimemtoka chote, "mimi ni Mmakua wa Masasi. Kaka zangu watatu wametoka jando mbele ya macho yangu. Ungenivuta pembeni siku ile, nisingeipitisha ile picha mbele ya watu. Unisamehe."

Athumani akafunga macho. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Dada Neema akaeleza taratibu. Kwamba mtu aliye hai hawezi kurithiwa, kwani ofisi itataka cheti cha kifo, na cheti cha kifo cha namna ile hakuna ofisi inayotoa. Lakini zile herufi si lazima ziingizwe kama jina. Zinaweza kuingizwa kama alama iliyokatwa chini ya kinyago, kwa picha tu, kama mkwaruzo au muhuri, na kwenye nafasi ya msanii likakaa jina lake la leo. Mpokeaji wa mrabaha anaweza kuwa mtu yeyote atakayemtaja, hata mama. Mama atathibitisha kwa dole gumba, hatatakiwa kutamka kitu.

"Kuna jambo moja siwezi kukupunguzia," akasema. "Lazima mchongaji aseme mwenyewe kwamba kazi ni yake. Narekodi sasa, kama uko tayari. Sikuulizi jina lolote. Nakuuliza kinyago tu."

Athumani akanitazama. Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia. Hili lilikuwa lake.

"Kinyago cha mama anayetwanga," akasoma Dada Neema kwa sauti ya kazi. "Nani alikichonga?"

Gari lilipita barabarani, likamaliza kupita.

"Mimi," akasema mume wangu.

"Rudia tafadhali, kulikuwa na kelele."

"Mimi. Nilikichonga mimi. Huyo ni mama yangu."

Alipokata simu alikaa muda mrefu anatazama mikono yake. Kisha akanyanyuka akaenda kuoga, akarudi na njaa, akala kuliko siku zote. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa nimejaa.

Jumanne Dada Neema anarudi na karatasi, na tutamleta mama mkwe mjini. Ameshatuma salamu kwamba atakuja na Shangazi Somoe, kwa hiyo nimemtafuta mtetea. Yuko jikoni amefungwa mguu, na anaonekana anajua kukimbia.

Athumani bado amelala. Leo hana kazi. Nimesimama mlangoni kumwangalia kabla ya kuja kuandika, na nikagundua nina shida mpya, shida nzuri. Nilidhani nimeolewa na mtu mmoja. Kumbe kuna mwingine mdogo, mwenye kisu kilichovunjika ncha, amekaa uani anagombezwa kwa kutochota maji, na yeye macho yake yako kwenye kisigino cha mama yake. Nampenda. Jina lake nalijua, limenikaa kwenye ulimi kama punje, na sitalitamka tena maisha yangu yote.

Je, mtu anaweza kumpenda mtoto bila kumwita jina lake?

Nitajifunza. Nina muda, na anaamka sasa hivi.